Klachi mpya, ukuta mkuukuu

Huenda gari lako ni la zamani, na kila ukitaka kuingiza gia ya kwanza au ya nyuma linakwaruza kwa sauti inayowafanya watu walio kituoni wageuke kukutazama. Umebadilisha mafuta ya klachi. Umetoa hewa kwenye paipu. Umenunua masta silinda mpya, mambo yakatulia majuma mawili, kisha yakarudi yalikokuwa. Kabla hujaingiza mkono mfukoni kwa mara nyingine, hebu fungua boneti uutazame ukuta.

Ninaposema ukuta nina maana ya lile bati lililosimama wima kati ya injini na miguu yako. Mafundi wetu huliita fayawoli. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia moto, moshi na mafuta visiwafikie waliomo ndani. Lakini waundaji wa magari waliutwika kazi ya pili, na hiyo ndiyo inayotuhusu leo. Masta ya klachi imefungwa hapo kwa bolti mbili, busta ya breki imefungwa hapo hapo, na upande wa ndani ndipo pedali zinaponing'inia. Kila unapokanyaga, unausukuma ukuta. Mtu aweza kumiliki gari miaka kumi bila kulifikiria bati hilo hata siku moja. Si ajabu, kwa kuwa halina taa, halizunguki, wala halipigi kelele.

Nitatumia mfano wa gari moja ninalolijua: Datsun 240Z. Wazazi wanaosoma gazeti hili hawahitaji kuelezwa. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walilitumia kushinda mashindano ya Safari, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda akiwa na Lofty Drews katika gari la aina iyo hiyo. Vijana wa leo wanaijua Safari ya Naivasha, ile iliyorudi katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021. Wazee wao waliijua ile iliyopita mbele ya duka la kijijini usiku wa manane, na gari lenye pua ndefu likitoka matopeni kama nyati.

Sasa, mtu akisikia habari hizo hudhani gari hilo lilikuwa la chuma kitupu. La hasha. Lilizinduliwa mwaka 1969, lina injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wake sentimita za ujazo 2,393, na gari zima lina uzani wa kama tani moja tu. Halina chesisi ya pekee kama lori. Mwili wake ndio chesisi yake: mabati membamba yaliyokunjwa na kuunganishwa kwa ustadi, kila moja likimsaidia mwenzake. Magari ya mashindano yalitiwa nguvu zaidi kabla ya kuingia porini, lakini lile lililouzwa dukani lilipewa ukuta wenye unene wa kama milimita moja. Ulitosha kwa klachi laini ya kiwandani na kwa miaka ambayo muundaji aliikadiria. Hakuna aliyefikiri kwamba baada ya nusu karne mtu atakuwa bado analikanyaga.

Gari letu lilikuwa la baba mkubwa. Alipofariki likaja kwetu likiwa limefunikwa turubai, na ndani ya kisanduku cha dashibodi nikakuta risiti tatu za masta ya klachi, zote za muda usiozidi miaka miwili, na moja ya klachi nzima yenye springi ngumu, aina inayotumiwa katika mashindano. Baba mkubwa, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kulipa na kunyamaza. Risiti hizo zilinieleza mengi kuliko ambavyo yeye mwenyewe angenieleza.

Lililoharakisha mambo ni binti yangu, anayesoma chuo kikuu. Yeye na wenzake walitaka kwenda Naivasha kutazama Safari, na kwake haikuwa na maana kwenda kwa matatu ilhali nyumbani kuna gari la jina lilo hilo lililoshinda zamani. Mama yake akasema waziwazi kwamba gari lisiloingia gia bila kupiga kelele halitateremka bonde la Mai Mahiu likiwa na mtoto wake ndani. Nami nilikubaliana naye. Anayeijua barabara ile ataelewa: unateremka ukiegemea gia ndogo ili breki zisipate moto, na mbele yako kuna lori limejaa shehena. Klachi ikikataa kuachia unapotaka kurudi gia ya pili, unabaki na breki peke yake. Na breki zenyewe, kama nilivyokwisha kusema, zimefungwa kwenye bati hilo hilo.

Basi tulifanya uchunguzi ambao hata wewe unaweza kuufanya jioni moja, bila spana hata moja. Mtu mmoja akae kwenye usukani, mwingine ainamie injini iliyozimwa. Chukua kipande cha waya, kifunge mahali pagumu pasipo kwenye ukuta, ukikunje hadi ncha yake ikaribie kabisa pua ya masta. Kisha mwambie aliye ndani akanyage klachi polepole hadi mwisho.

"Nikanyage tena, Baba?" binti yangu akauliza.

"Kanyaga."

Masta ilisogea mbele, ikatikisika kidogo kama kichwa cha mtu anayekubali hoja, kisha ikarudi. Rula ilionyesha milimita nne. Binti akatoka, tukabadilishana nafasi, akaona mwenyewe. Tulipomulika kwa kurunzi tukaona rangi imepasuka kwa mistari myembamba kuzunguka bolti ya juu, na mstari mmoja ulikuwa mrefu kuliko wenzake, ukielekea upande wa busta ya breki.

Kwa nini milimita nne zilete balaa? Tuseme kijiti kinachosukuma ndani ya masta husafiri milimita 25 pedali ikikanyagwa hadi mwisho. Ukuta ukisogea milimita nne, masta inakimbia mbele ya kijiti, na kilichobaki cha kusukuma mafuta ni milimita 21. Karibu sehemu moja ya sita ya jasho la mguu wako imekwenda kukunja bati. Klachi haifunguki yote, sahani yake inaendelea kuburuzwa na injini, na gia zinakataa kukutana kwa amani.

Hesabu ya nguvu nayo inatisha kidogo. Pedali ni wenzo. Ukiikanyaga kwa nguvu ya kilo 15, na urefu wake ukawa umepangwa kuizidisha mara sita, kijiti kinaisukuma masta kwa kilo 90, yaani uzito wa mtu mzima aliyeshiba. Wakati huo huo egemeo la pedali, kule juu chini ya dashibodi, linasukumwa kinyume, kuelekea kifuani mwako, kwa kama kilo 75. Kwa hiyo bati hilo halisukumwi tu, linavutwa na pande mbili zinazotaka kuachana. Weka klachi ya mashindano inayodai kilo 25 za mguu, na masta itasukumwa kwa kilo 150. Kisha liingize gari hilo katika foleni ya asubuhi ya Barabara ya Thika, ukanyage na kuachia, ukanyage na kuachia. Umewahi kukata waya bila koleo? Unaukunja huku na huku mpaka unakatika wenyewe. Ndivyo ukuta unavyopata ufa.

Kuna na adui mwingine wa siri. Mipira iliyo ndani ya masta ikichakaa, mafuta huvuja kwa nyuma na kuteremka ukutani. Mafuta ya breki na klachi hula rangi. Rangi ikiondoka, kutu inakaribishwa, na kama gari limewahi kukaa Mombasa au Malindi karibu na upepo wa chumvi, kazi inakwenda mbio zaidi. Bati la milimita moja likiliwa na kutu hadi nusu, hata klachi laini italikunja.

Nisikudanganye kwamba kila gia inayokwaruza ni kosa la ukuta. Hewa ndani ya paipu hufanya vivyo hivyo, na mpira wa zamani unaopeleka mafuta kwenye silinda ya chini waweza kuvimba kama mshipa kila unapokanyaga. Pini inayounganisha kijiti na pedali huliwa hadi ikawa na kiuno. Yatazame hayo pia, kwa kuwa ni ya bei nafuu. Lakini ukiona masta inasogea kwa macho yako, mjadala umekwisha.

Baada ya hapo nilisikiliza ushauri wa mafundi, na hapa ndipo ninapotaka uwe macho. Wa kwanza, katika gereji moja ya mjini, alisema niweke masta kubwa zaidi ili isukume mafuta mengi. Maneno yake yana ukweli nusu. Ukitoka kwenye masta ya inchi tano ya nane ukaenda kwenye ya robo tatu ya inchi, mafuta yanaongezeka kwa asilimia 44, na klachi itafunguka. Lakini eneo la pistoni nalo limeongezeka kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo ili upate shinikizo lile lile la mafuta itakubidi uusukume ukuta kwa nguvu iliyozidi kwa asilimia 44. Ni dawa inayoficha homa huku ikimlisha mgonjwa sumu.

Wa pili alitaka kuchomelea kipande cha chuma cha milimita sita, kikubwa kama kiganja, juu ya ufa, siku hiyo hiyo, nikisubiri. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na fundi huyu alikuwa tayari kuziba. Tatizo ni kwamba chuma kinene kilichowekwa katikati ya bati jembamba hakipeleki nguvu popote. Kinakuwa kama jiwe lililoshonewa katikati ya kitambaa: pale penye jiwe hapapasuki, lakini kitambaa kitachanika ukingoni mwa jiwe. Baada ya mwaka ungekuwa na ufa mpya, mrefu zaidi, unaozunguka kiraka.

Aliyenifaa ni mzee mmoja mchomeleaji wa jua kali kule Kariobangi, ambaye kabla ya kugusa kitu aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole kila mahali, akisikiliza. "Hapa ni ngoma," akasema katikati. Akasogea hadi kwenye mkunjo wa bati, karibu na kioo cha mbele. "Hapa ni mti. Tupeleke bamba kutoka kwenye ngoma mpaka kwenye mti." Sijasikia mhandisi akieleza jambo hilo kwa maneno machache zaidi.

Kazi yenyewe ilianza kwa kubomoa. Betri ilitolewa, na nyaya za altaneta zikafunguliwa ili umeme wa kuchomelea usiiunguze. Masta, busta, pedali zote na kabati lake vikatoka. Zulia likatoka, na lile tabaka la lami lililobandikwa kiwandani kupunguza kelele likabanduliwa vipande vipande kwa patasi. Usiruhusu mtu yeyote achomelee ukuta huu huku zulia, nyaya na lami vikiwa upande wa pili. Mchomeleaji yuko upande wa injini, haoni kinachowaka ndani. Paipu za petroli zisogezwe mbali, mafuta ya breki yafutwe yote maana nayo hushika moto, na mtu mmoja akae ndani ya gari na kizimamoto mkononi, asiende kununua soda. Binti yangu alipewa kazi hiyo na hakuipenda, lakini hakutoka.

Bati liliposuguliwa hadi likang'aa, nyufa zilikuwa tatu. Mbili fupi, na ile ndefu iliyobakisha upana wa vidole viwili kuifikia bolti ya busta ya breki. Mama yake binti aliitwa aje kuona. Hakusema neno. Alitazama tu, akaniangalia, akarudi nyumbani.

Mzee alitoboa tundu la milimita tatu pale kila ufa ulipoishia, kwa sababu ncha ya ufa ni kali kama wembe na nguvu zote hukusanyika hapo, ilhali tundu la mviringo huzitawanya. Kisha akachomelea kwa mashine ya waya na gesi, kidogo kidogo, kituo hapa, kituo pale, akiacha bati lipoe. Mashine ya vijiti ingetoboa mashimo, na moto wa gesi ungelifanya bati lijikunje kama chapati.

Halafu likaja bamba. Lilikuwa la chuma laini cha milimita mbili, si sita. Alilikata kwa kufuata kielelezo cha karatasi ngumu, akalikunja lilale sawasawa juu ya umbo la ukuta, pembe zake zote zikiwa za mviringo maana pembe kali huzaa ufa. Liliwekwa upande wa miguu ya dereva, likashika bolti za masta na za busta pamoja, likapanda hadi kwenye mkunjo ule alioupa jina la mti. Alitoboa matundu kadhaa ndani ya bamba na kuyajaza kwa kuchomelea, ili lishikane na ukuta katikati pia. Mwisho akaunga kabati la pedali na bamba hilo kwa vipande viwili vya pembe. Hapo ndipo ustadi ulipo: zile pande mbili zilizotaka kuachana, masta na egemeo la pedali, sasa zinavutana kupitia chuma, na bati limepumzishwa.

Wapo wanaoongeza fito kutoka pua ya masta hadi kwenye kile kichwa cha bati kinachobeba springi ya mbele. Inasaidia, hasa upande wa breki, ila ifungwe kwa bolti ili masta iweze kutolewa siku moja. Na wapo wasiotaka kuchomelea gari la thamani. Hao waweza kulibana bati kati ya mabamba mawili, moja ndani na moja nje, kwa bolti na gundi ya chuma, mradi bamba lifike penye mkunjo. Ukiwa na ufa tayari, mimi ningechomelea.

Mambo mawili hupuuzwa mwishoni. La kwanza ni urefu wa kijiti. Bamba la milimita mbili limebadilisha umbali kati ya pedali na mahali masta inapokaa, kwa hiyo kijiti kirekebishwe hadi pedali iwe na ulegevu mdogo, kama milimita moja hivi kwenye kijiti, kabla haijaanza kusukuma. Bila ulegevu huo pistoni hairudi mwisho, mafuta yananaswa, klachi inateleza na kuungua. Kwa upande wa breki ni hatari zaidi, kwa kuwa zitajishika zenyewe barabarani. La pili ni kutu. Kati ya bamba na ukuta kuna nafasi nyembamba inayopenda maji. Rangi yenye zinki ipakwe kabla ya kuunganisha, viungo vizibwe, na nta ya kuzuia kutu inyunyizwe baadaye.

Ile klachi ya mashindano tuliitoa. Ukiniuliza, gari la kwenda kazini na kanisani kuwekewa springi ya mashindano ni majivuno yanayolipwa na bati. Tulirudisha ya kiwango cha kawaida, na masta ikabaki ile ile ya tatu ya baba mkubwa, ambayo haikuwa na kosa lolote. Sina shaka hata mbili za kwanza hazikuwa nalo.

Tulipopima tena kwa waya na rula, masta ilisogea kiasi ambacho macho yangu yanakibishia, labda nusu milimita. Gia ya nyuma iliingia kimya. Kilichotushangaza ni breki: pedali iliyokuwa laini kama sifongo, ambayo wote tulidhani ndiyo desturi ya gari la zamani, ikawa ngumu na ya juu.

Mama yake binti alitoa ruhusa kwa sharti moja, kwamba safari ya kwanza kuteremka Mai Mahiu niendeshe mimi na yeye akae pembeni yangu. Gari lina viti viwili tu. Binti na wenzake walikwenda kwa matatu, wakatungoja Naivasha.

Baada ya kilomita 500 nilizikaza upya bolti zote za masta na pedali, na mbili kati yake zilikubali robo mzunguko.